Fundi Alikagua Bati

Leo tuzungumze habari ya kununua nyumba, na hasa ile siku ya kwenda kuikagua. Nianze na harufu ya rangi.

Mwezi wa pili, miaka kadhaa iliyopita, nilisimama kwenye sebule ya watu huko Goba, nje kidogo ya Dar es Salaam, kwenye vile vilima ambavyo siku hizi nyumba zimeota kama uyoga. Jua lilikuwa linachoma. Nyumba ilikuwa imepakwa rangi upya, nyeupe ya maziwa, na harufu yake ilikuwa bado haijatoka puani. Dalali, kijana mmoja mcheshi asiyevua kofia, akanishika bega. "Bosi, hapa umefika. Mwenyewe anahama tu kikazi. Nyumba haina hata doa." Kweli, doa halikuwepo. Rangi ilikuwa ya wiki ileile.

Sikuwa mjinga kabisa. Nilijua kwamba nyumba hainunuliwi kwa macho ya mnunuzi peke yake. Shemeji yangu akaniletea fundi, mtu mzima, mpole, anayesifika mtaani kwao. Nikampa shilingi 50,000 yake. Akapanda darini, akakaa huko karibu saa nzima, akashuka amejaa vumbi na utando wa buibui mpaka kwenye nyusi. Akaniambia kenchi ziko imara, bati ni nene, misumari imepigwa na raba zake, hakuna panapovuja. Nikashukuru. Tukaenda kwa wakili, tukaandikiana, fedha ikatoka.

Masika ikaingia. Mwezi wa nne, usiku wa tatu wa mvua ya mfululizo, nikashuka kitandani nikakanyaga maji. Hayakutoka juu. Yalitoka chini, pale sakafu inapokutana na ukuta, taratibu, kama jasho linavyotoka kwenye paji la uso. Baada ya wiki ile rangi nyeupe ya maziwa ikaanza kuvimba malengelenge, ikabanduka vipande vipande, na kwenye kona ya chumba cha nyuma ukajitokeza ufa ambao, kwa jinsi ulivyokuwa umejazwa jipsamu, ulionyesha wazi kwamba sisi tulikuwa watu wa mwisho kujulishwa.

Nikampigia yule fundi nikiwa na hasira za kutosha. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, "Dari linavuja?" Nikasema halivuji. "Basi, bosi. Mimi ni fundi wa kupaua. Uliniambia nikague nyumba, nikakagua ninachokijua."

Nimeyafikiria maneno yale kwa miaka. Alikuwa na haki. Ukaguzi wake haukuwa wa uongo hata neno moja. Mimi ndiye sikumwambia ninaogopa nini.

Neno letu hili "ukaguzi" ni pana mno. Kwa neno hilohilo tunakagua mahesabu, tunakagua shule, tunakagua magari, na mgeni rasmi anakagua gwaride. Nadhani wengi wetu tukienda kuona nyumba tunaikagua kwa namna ile ya gwaride. Tunapita mbele ya mstari kwa mwendo wa heshima, tunatikisa kichwa, tunasifu jiko, tunafungua bomba moja tu la sinki, maji yanatoka, tunalifunga. Hakuna mgeni rasmi aliyewahi kumwambia askari, hebu vua kiatu nione soli.

Basi jambo ninalotaka tulitazame ni kuchagua. Hakuna mtu mmoja anayekagua nyumba nzima na kila kinachoihusu. Kuna mtu wa karatasi, kuna mtu wa udongo na zege, kuna mtu wa umeme, kuna mtu wa mchwa, na kuna mtu wa bei. Ukimwita mmoja ukadhani umewaita wote, utakanyaga maji usiku.

Huyu mtu wa bei nimmalize haraka, kwa sababu ndiye anayewachanganya watu wengi zaidi. Ukikopa benki kununua nyumba, benki itamtuma mthamini, na kwa Tanzania anatakiwa awe amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wathamini. Atapima vyumba, atapiga picha, ataandika ripoti yenye mhuri. Watu huishika ile ripoti wakaamini nyumba imekaguliwa. Mthamini ameulizwa swali moja tu: nyumba hii ikiuzwa leo itafika shilingi ngapi? Benki inataka kujua kama ukishindwa kulipa, itarudisha fedha yake. Kama soketi ya jikoni haina waya wa ethi, hilo halimo kwenye swali aliloulizwa. Ni ripoti ya halali kabisa, ila imeandikwa kwa ajili ya mtu mwingine.

Sasa uanze na yupi? Mimi ningekushauri uanze na ule ukaguzi wa bei ndogo unaoweza kuua biashara yote. Wa gharama kubwa uje baadaye. Usimlipe mhandisi kupima nguvu ya zege la nyumba ambayo mwisho wa siku imesimama kwenye hifadhi ya barabara.

Kwa hiyo karatasi kwanza. Kwenye ofisi za ardhi kuna upekuzi, yaani unaomba waangalie kwenye daftari lao hati hiyo ni ya nani, ya miaka mingapi, 33, 66 au 99, imebakiza mingapi, na kama imewekwa rehani mahali. Kama hakuna hati, kuna ofa, kuna leseni ya makazi, au kuna karatasi tu ya serikali ya mtaa, na kila moja ina uzito wake, usiziweke kwenye kapu moja. Muulize muuzaji kama ana mwenza. Nyumba ya ndoa haiuzwi na mmoja kimyakimya. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka ridhaa ya mwenza. Nimeona mama amekuja na watoto wake getini kwa mnunuzi, na mnunuzi ameshalipa. Sitaki kukueleza ilivyokuwa.

Kisha toka ofisini uende mtaani. Waliokuwa Dar es Salaam mwaka 2017 wanakumbuka bomoabomoa ya barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara kwenda Kiluvya. Nyumba nzuri, za watu waliohangaika miaka, zilishushwa kwa sababu ziko ndani ya hifadhi ya barabara. Kabla yake na baada yake tumeziona alama za X nyekundu mabondeni. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufuko. Mita 60 unaweza kuzihesabu kwa miguu yako mwenyewe, bila kumlipa mtu, hatua kubwa kubwa kama unapima kiwanja cha mpira.

Na habari hii ya maji nikae nayo kidogo, maana ndiyo iliyoumiza roho yangu.

Maji hukaguliwa bila kuyaona. Mnunuzi wa mwezi wa pili, au wa mwezi wa nane, anatazama nyumba kavu, kwa hiyo inambidi asome alama. Usianzie kwenye nyumba unayouziwa. Ile imeshapambwa kwa ajili yako. Tazama ya jirani. Ukutani kwake kuna mstari wa rangi ya udongo, sawasawa kama umepigwa kwa rula? Pale ndipo maji yalipofika. Uzio wake una matundu chini, kila baada ya hatua chache? Hakuna mtu anayetoboa ukuta wake aliojenga kwa fedha yake kama hajawahi kufungiwa maji ndani. Mlangoni kuna kizingiti cha matofali mawili ambacho watoto wanakiruka bila hata kukitazama? Ndani, friji limepandishwa juu ya matofali? Haya yote niliyakuta kwa jirani yangu wa chini wiki moja baada ya kuhamia. Nilikuwa nimepita mbele ya nyumba yake mara tatu na dalali wangu, na mara zote nilikuwa natazama upande wangu.

Halafu tafuta bibi anayeuza maandazi au mzee wa kibanda cha baraza. Msalimie vizuri, kaa. Usimuulize, "Hapa panafurika?" Atajua unanunua, na huenda muuzaji ni mjomba wake. Muulize, "Mwaka ule wa mvua kubwa, nyie hapa mlikuwaje?" Utasimuliwa. Mwenyeji hawezi kuacha kusimulia mvua.

Sasa tuingie kwenye nyumba yenyewe, kwenye zege na nyufa. Baada ya mimi kuumia, jirani wa juu, mhandisi mstaafu, alikuja kunipa pole. Shikamoo mzee, marahaba mwanangu, akaomba kuuona ule ufa. Hakuleta mashine. Alileta tochi, sarafu na kalamu ya risasi. Akaanza kugonga vigae vya sakafu kwa ukingo wa ile sarafu, kigae kimoja kimoja, huku ameinamisha kichwa kama daktari. Vingine vilijibu ti, ti, ti. Vilivyokuwa upande wa kona vilijibu tu, tu, sauti ya debe tupu. Chini yake pamebonyea, akasema.

Akafika kwenye ufa. Ulikuwa umeanzia kwenye kona ya dirisha, unapanda mshazari, ukifuata maungio ya matofali kama ngazi. Akaingiza ukingo wa sarafu. Ikaingia. "Huu si wa lipu, mwanangu," akasema. "Ule wa lipu ni kama nywele, unazagaa kama utando, unatokana na lipu kukauka haraka. Huu una mwelekeo. Kona hii inashuka."

Kisha akanieleza nilichokinunua. Nyumba za kilimani mara nyingi hujengwa kwa kuukata mlima upande wa juu na kumwaga kile kifusi upande wa chini ili kupata tambarare. Nusu ya nyumba inakaa kwenye udongo ambao umelala hapo tangu dunia iumbwe, nusu inakaa kwenye kifusi cha juzi. Kama kifusi hakikushindiliwa, kinaendelea kujikaza kwa miaka, na kila masika maji yanakisaidia. Na yale maji yaliyoingia ndani yalikuwa yanateremka ardhini kutoka mlimani, yanakuta msingi wangu umeyazibia njia, yanapanda kwenye sakafu ambayo haikuwekewa nailoni chini yake. Kilichohitajika ni mtaro upande wa juu wa nyumba, wenye kina, uliojazwa kokoto, wa kuyachukua maji na kuyapitisha pembeni. Mtaro huo ulinigharimu zaidi ya mara kumi ya ile 50,000.

Mwisho akachukua kalamu ya risasi. Akachora kistari kifupi kwenye ncha ya juu kabisa ya ufa, pale unapoishia, akaandika tarehe pembeni yake kwa mwandiko mdogo wa kishule. "Kuna ufa uliolala," akasema, "na kuna ufa unaotembea. Uliolala unaziba, unapaka rangi, unasahau. Unaotembea ukiuziba unajidanganya. Tutaona baada ya masika nyingine."

Nakueleza haya yote ili ujue ukimwita mhandisi wa majengo unamwita kufanya nini, na kwa nini fedha yake si ya kulalamikia. Hapa kwetu awe na usajili wa Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Jina lake unaweza kuliuliza kwenye bodi yenyewe. Anaweza kuja na ile nyundo ya Schmidt, chombo kama bomba dogo kinachogonga zege na kupima linavyorudisha pigo. Zege gumu linarudisha zaidi. Lakini hata nyundo hiyo inasoma ngozi tu ya zege, na lipu lazima ibanduliwe kwanza. Muuzaji anayekataa kubanduliwa lipu sehemu ya ukubwa wa kiganja, kwa ahadi kwamba utairudishia, amekwisha kukujibu.

Mhandisi huyohuyo ndiye wa kumuuliza jambo jingine: nyumba iliyosimama ndiyo iliyoombewa kibali? Ijumaa Kuu ya tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi, katikati ya Dar es Salaam, lilianguka likaua watu 36. Moja ya mambo yaliyojitokeza ni kwamba ghorofa zilizojengwa zilizidi zilizoruhusiwa. Nyumba zetu za kawaida zina dhambi hiyohiyo kwa kiwango kidogo. Msingi ulichimbwa kwa nyumba ya chini, biashara ikanoga, mwenyewe akaongeza ghorofa juu, kisha tangi la maji juu ya ghorofa. Tangi la lita 5,000 likijaa ni tani 5. Ukiona ngazi imebanwa nje ya nyumba kama mtu aliyechelewa basi, uliza hiyo ghorofa ilikuja lini.

Pwani tuna ugonjwa wetu wa ziada, nao ni chumvi. Zege lililochanganywa na mchanga wa ufukweni hupendeza kama jingine lolote, ila chumvi yake inaita kutu kwenye nondo. Nondo ikishika kutu huvimba, na ikivimba hulipasua zege kutoka ndani. Tazama chini ya vibaraza na ngazi, tafuta mistari ya rangi ya kutu inayofuata njia ya nondo. Hilo ni kosa ambalo rangi hulificha kwa msimu mmoja tu.

Umeme una mtu wake, mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, na hapa watu hubana senti bila sababu. Chukua mfano wa hita ya kuogea, ile inayokaa kichwani mwa bomba. Inavuta kilowati 5 na zaidi. Kwa umeme wetu wa volti 230 hiyo ni zaidi ya ampea 21, tena kwenye chumba chenye maji, juu ya kichwa cha mtu aliye uchi. Halafu unakuta imeungwa kwenye waya wa taa, wa milimita za mraba 1 na nusu, kwa sababu ndio uliokuwa karibu. Taa zinawaka, hita inapasha, mkaguzi wa gwaride ameridhika. Fundi umeme wa kweli atafungua boksi la sakiti breka, atapima kama waya wa ethi unafika ardhini kweli au unaishia ukutani kwa ajili ya sura, na atabonyeza kitufe cha majaribio cha ile breka ya kuzuia mshtuko. Kama breka hiyo haipo, hilo nalo ataliandika. Ukiwa hapohapo kwenye mita, uliza deni. Mita ya Luku siku hizi inakata na kodi ya jengo tangu 2021, na malimbikizo ya mtu mwingine si zawadi.

Mchwa hawahitaji maneno mengi. Chukua bisibisi, nenda kwenye fremu za milango, hasa chini karibu na sakafu, na za vyumba vya uani. Sukuma. Mbao nzima inakataa. Iliyoliwa inaingia kama mkate. Tafuta vile vijia vya udongo vyembamba vinavyopanda ukutani kutoka ardhini. Ukivikuta vimekwanguliwa na kubaki alama tu, jua kuna mtu amefanya usafi kabla yako.

Nyumba ya zamani ya mawe ni habari tofauti kabisa, na ukimpeleka mhandisi wa zege peke yake atakuharibia. Wanaonunua au kurithi nyumba Mji Mkongwe, Unguja, au Lamu, au Mji wa Kale Mombasa, wanajua kuta zile ni mawe ya matumbawe na chokaa, zina upana wa zaidi ya nusu mita, na vyumba ni vyembamba kwa sababu upana wake umeamuliwa na urefu wa boriti za mikoko. Ukuta wa chokaa hupumua. Unyevu unaingia na unatoka. Anapokuja fundi wa siku hizi akaupiga lipu ya saruji ili "uimarike", unyevu unakosa pa kutokea, unakaa ndani, unaila chokaa na kuzioza ncha za boriti pale zinapoingia ukutani, mahali ambapo jicho halifiki. Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, lilianguka sehemu tarehe 25 Desemba 2020 likiwa katika matengenezo, likaua watu. Jumba lile lilitazamwa na watalii wa dunia nzima kila siku. Kwa nyumba za namna hii mtafute anayejua chokaa na boriti, na kwa Unguja anzia Mamlaka ya Mji Mkongwe, iliyoko tangu 1985, kwa sababu hata dirisha huwezi kulibadili bila wao.

Aliyenunua fleti mpya naye ana mtego wake. Atakagua ndani ya mlango wake tu: vigae, makabati, bomba la mvua. Lakini kwa Tanzania Bara, sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za jengo inakupa wewe na majirani zako umiliki wa pamoja wa yale ya nje: paa, ngazi, lifti, pampu, mfumo wa majitaka. Paa la ghorofa ya nane likivuja, wewe wa ghorofa ya pili utachangia. Mpeleke mkaguzi juu ya paa kabla hajaingia jikoni kwako. Na umpeleke kabla hujasaini karatasi ya kupokea funguo. Baada ya hapo kila kasoro inaanza kuitwa matumizi mabaya ya mwenye fleti.

Lakini najua wengi wanaonisikiliza hawanunui nyumba. Wanajenga. Msingi mwaka huu, kuta mwaka kesho, kupaua Mungu akijalia. Na ninao wasikilizaji walio mbali, Maskati, London, Minneapolis, wanaotuma fedha kwa mdogo wao, na mdogo wao anawatumia picha kwenye simu. Kwenu nyie ukaguzi sahihi una saa yake, na saa hiyo ikipita hakuna fedha ya kuirudisha.

Chukua siku ya kumwaga zege la ghorofa. Asubuhi ile nondo zote ziko wazi. Unaweza kuzihesabu, kupima unene wake, kupima nafasi kati ya moja na nyingine, kuona kama zimeinuliwa juu ya vile vijitofali vidogo ambavyo mafundi huviita biskuti, ili zege lizizunguke pande zote, au zimelala kwenye mbao. Unaweza kutikisa mirunda iliyoshikilia chini uone kama imekaa kwenye ardhi ngumu. Saa kumi jioni yote haya yamefunikwa, na kuanzia hapo unaishi kwa imani. Picha utakayotumiwa jioni inaonyesha sakafu nzuri, laini, na vijana wamesimama juu yake wameinua vidole gumba. Haina habari yoyote ndani yake.

Kwa hiyo mwenzangu wa mbali, mlipe mhandisi aje mara tatu au nne tu: msingi ukiwa wazi, lenta ikiwa imefungwa nondo, ghorofa kabla ya zege, na kenchi kabla ya dari. Mkubaliane kwamba zege halimwagwi mpaka aseme. Mwambie achukue sampuli za zege kwenye yale maboksi ya sentimita 15 kila upande, zikapondwe maabara zikifika siku 7 na siku 28. Na asimame karibu na ndoo ya maji, maana kibarua akichoka kukoroga huongeza maji zege liteleze, na kila ndoo ya ziada inaondoa nguvu. Mdogo wako atanuna. Atasema humwamini. Mwambie humjui huyo kibarua wa ndoo.

Halafu kuna swali la nani amemleta mkaguzi. Dalali akikwambia "usihangaike, tunaye mtu wetu", mshukuru, na umtafute wa kwako. Malipo ya dalali yanatoka biashara ikikamilika, na mtu wake anajua hivyo. Mkaguzi alipwe na wewe, alipwe sawa nyumba ikinunuliwa au isinunuliwe, na asiwe ndiye atakayepewa kazi ya kurekebisha atakachokigundua. Ripoti aiandike. Na mimi sasa nina tabia moja: nikipewa ripoti natafuta kwanza sehemu inayosema nini hakikukaguliwa na kwa nini. Darini hakukuwa na mlango. Shimo la majitaka lilifunikwa na zege. Chumba kimoja kilifungwa, ufunguo uko kwa mpangaji. Fundi wangu wa bati angeandika mstari mmoja tu wa namna hiyo, "sakafu na msingi sikuviangalia", ningekuwa nimelala pakavu.

Yule mzee alirudi baada ya masika ya pili, na kalamu yake. Ufa ulikuwa umepita kile kistari kwa upana wa ukucha. Akachora kingine, akaandika tarehe. Wakati huo mtaro ulikuwa umechimbwa. Masika ya tatu akaja tena, akavaa miwani, akasogeza tochi, akaangalia kwa muda mrefu. Ufa ulikuwa pale pale kwenye kistari cha pili. Hakusema kitu, aliomba chai.

Mwaka jana nilipaka nyumba nzima rangi upya. Ukuta ule wa kona nimeuacha ulivyo, na vistari vyake viwili na mwandiko wa mzee. Mke wangu amesogeza kabati likauficha kidogo, lakini kila mwezi wa tano nalivuta.